Chini ya Picha

Kati ya maradhi yote ya kompyuta, lipo moja linalotisha watu kuliko linavyostahili. Mashine imewashwa, feni inazunguka, taa ya diski inapepesa, nembo imechomoza na kutoweka, kisha kioo kimebaki cheusi. Kwenye kona ya juu kuna kistari cheupe kinachowaka na kuzima. Hakuna picha ya mandhari, hakuna folda, hakuna kishale cha kufuata mkono. Mara nyingine hata hicho kistari hakipo, bali zipo safu za maandishi ya Kiingereza ambazo kwa anayezitazama hazina kichwa wala miguu. Aliyekaa mbele yake, awe karani wa kata au mwalimu wa taaluma, husema neno lile lile: imekufa.

Haijafa. Nataka kulisema hili kwa kirefu, maana hapa Kilosa nimeshuhudia kazi za miaka zikifutwa kwa kuamini kifo ambacho hakikuwepo.

Tulichozoea kukiita kompyuta, yaani ile picha yenye folda na vitufe, ni kitu cha mwisho kabisa kuamka mashine inapowashwa. Kabla yake mengi yameshaamka na kukabidhiana kazi. Bodi kuu hujikagua kwanza: RAM ipo, kibodi ipo, diski ipo. Ikiridhika, huipisha programu ndogo inayokaa kwenye diski, ambayo katika mashine nyingi za Linux huitwa GRUB. GRUB huipakia keneli, yaani kiini cha mfumo. Keneli huvitambua vifaa kimoja kimoja, huifungua diski, halafu huiita programu ya kwanza, siku hizi mara nyingi systemd, ambayo kazi yake ni kuziamsha nyingine zote: saa, mtandao, printa, kumbukumbu za mfumo. Karibu na mwisho huamshwa programu ya kuingilia. Hii nayo huita programu ya kuchora, X au Wayland, ili ukurasa wa kuandika jina na nywila uonekane. Ukishaingia ndipo hutandikwa sura tunayoifahamu, iwe GNOME, KDE au nyingine.

Mfuatano huu ni kama wa stesheni za reli. Anayesafiri kwa reli ya kati akiiacha Kilosa kuelekea Dodoma hukutana kwanza na Munisagara, kisha Mzaganza, Kidete na Godegode, ndipo Gulwe. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na hapa kwetu imebanwa kati ya milima ya Usagara na mto Mkondoa. Mto wenyewe hushuka kutoka Dodoma ukiitwa Kinyasungwe, hubadili jina ukiingia bondeni kwetu, na huko mbele huitwa Wami hadi baharini. Una hasira ya masika. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisomba tuta na madaraja kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zikasimama kwa miezi. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza, wala ya mwisho.

Sasa, treni isipofika Gulwe, hakuna mtu wa reli anayetamka kwamba reli imekufa. Swali lake ni moja: imepita stesheni gani mara ya mwisho? Ikiwa Munisagara wameiona na Mzaganza hawajaiona, basi kasoro iko kati ya Munisagara na Mzaganza. Kiberenge hupelekwa hapo na si kwingine. Hakuna anayeng'oa njia yote kuanzia Dar es Salaam ili aitandike upya.

Kompyuta iliyokosa picha inataka swali hilo hilo. Umeona nembo ya kampuni iliyotengeneza mashine? Basi bodi kuu, RAM na kioo vimepita. Umeona orodha ya GRUB? Diski inasomeka. Umeona maandishi ya keneli yakipita mbio? Keneli imeamka. Umepata ukurasa wa nywila, ukaiandika sawasawa, kioo kikapepesa, kisha ukarudishwa kwenye ukurasa ule ule? Basi treni imefika stesheni ya mwisho kabla ya mwisho, na kasoro ni ndogo kuliko unavyodhani. Kistari kile cheupe kinachotisha watu ni habari njema. Mashine iliyokufa haiwezi kukionyesha.

Ipo sababu ya kihistoria ya picha kuweza kuanguka peke yake na kuiacha mashine imesimama. Juni 1984, pale MIT nchini Marekani, Bob Scheifler aliwatangazia wenzake mfumo wa kuchora madirisha kwenye kioo. Aliujenga kwa kuchukua sehemu ya kazi ya watu wa Stanford iliyoitwa W, naye wa kwake akauita X, herufi inayofuata. Uamuzi mkubwa wa X ulikuwa kutenga kuchora na kufanya kazi. Programu inayohesabu haichori. Hutuma ombi kwa programu nyingine, na hiyo ndiyo inayokishika kioo. Zinaweza kuwa kwenye mashine moja au kwenye mashine mbili zilizo mbalimbali. Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987 na ndilo lililotawala Linux na ndugu zake kwa miongo mitatu. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza Wayland, ambayo leo inakalia nafasi ya X katika mifumo mingi, lakini wazo la kwamba picha ni huduma mojawapo kati ya huduma nyingi halikuondoka.

Naliheshimu sana wazo hilo. Waliolibuni walikubali mapema kwamba sura inaweza kuharibika, wakahakikisha haiangukii vilivyo chini yake.

Katika shule moja ya bondeni, ambayo kompyuta zake ni za msaada na zimekula chumvi nyingi, niliitwa na mwalimu wa taaluma, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne zilikuwa ndani ya mashine moja tu, na mashine hiyo ilikuwa inamrudisha kwenye ukurasa wa nywila kila alipoingia. Fundi mmoja alikuwa ameshapita na kumwambia diski ifutwe yote.

"Baba, hii imekufa," aliniambia. "Na alama za watoto zimo humo."

"Shikamoo mama. Haijafa."

"Marahaba. Kama haijafa mbona haisemi?"

"Inasema, mama. Leo inasema kwa maandishi."

Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kila mwenye Linux anatakiwa kuujua mkato huu kabla ya kujua kubadilisha picha ya mandhari, kwa sababu unamtoa mtu kwenye upande wa picha na kumpeleka kwenye ukurasa wa maandishi matupu ambao kwa kawaida uko tayari muda wote, picha iwepo isiwepo. Hapo mashine iliuliza jina, ikauliza nywila, ikatukaribisha ndani bila kinyongo. Nywila ile ile iliyoonekana kukataliwa juu ilikubaliwa chini. Hapo tayari tulijua mawili: nywila haikuwa na kosa, na mafaili ya mama yalikuwepo. Nilimwonyesha majina yake kwa amri ya ls. Aliyasoma moja moja kwa sauti.

Amri iliyofuata ilikuwa df -h, inayoonyesha kila sehemu ya diski imejaa kiasi gani. Sehemu kuu ilikuwa imejaa asilimia 100. Ugonjwa wote ulikuwa huo. Mtu anapoingia upande wa picha, mfumo hulazimika kuandika mafaili madogo sana, mojawapo likiwa la kuthibitisha kwamba huyu ndiye mwenye ruhusa ya kukitumia kioo. Faili hilo halifikii hata urefu wa aya hii. Diski ikikosa nafasi ya kuliandika, ruhusa haipatikani, picha haiji, na mtu hurudishwa mlangoni bila hata kuambiwa sababu. Video za wanafunzi, masasisho ya zamani yaliyoachwa na shajara za mfumo zilizonenepa kwa miaka zilikuwa zimemeza kila kitu.

Lakini kama diski imejaa kabisa, mbona fundi anaweza kuingia na kufanya kazi? Katika mfumo wa mafaili wa ext4, ambao ndio unaotumika kwenye mashine nyingi za Linux, asilimia 5 ya nafasi hutengwa kwa msimamizi peke yake isipokuwa kama mwenyewe amebadili. Mtumiaji wa kawaida akiambiwa diski imejaa, msimamizi bado ana nafasi ya kuingia na kufagia. Kuna mtu, kabla mimi na yule mama hatujakutana, aliyeifikiria siku yetu ile na kutuwekea akiba. Sijui namna bora zaidi ya kuwajali watu usiowafahamu.

Tulifuta masasisho yaliyobaki kwa apt clean, tukapunguza shajara kwa journalctl na kigezo chake cha kufagia, tukamwaga pipa la taka. Tulipowasha upya, picha ikaja. Mama alichomeka flashi akaanza kunakili alama hata kabla ya kunishukuru, na alifanya sawa kabisa.

Visababishi vingine nitavitaja kwa haraka, kwani ukishajua kuuliza stesheni, havikusumbui. Kuna mtu kuendesha programu ya picha kwa mamlaka ya msimamizi, na faili lake la ruhusa likabadilika mwenyewe. Msimamizi amelimiliki, yeye haruhusiwi tena kuliandika. Kurudisha umiliki kwa chown kunatosha. Kuna draiva ya kadi ya picha isiyopatana na keneli mpya iliyokuja na masasisho. Hapo ndipo utashukuru kwamba keneli ya zamani kwa kawaida haifutwi, imewekwa kwenye orodha ya GRUB ikingoja kuchaguliwa. Kuna umeme uliokatika katikati ya kusasisha, jambo ambalo sisi tunalijua kwa kina kuliko wale walioandika programu hizi, na dawa yake ya kwanza katika Debian na Ubuntu ni dpkg --configure -a, amri inayoambia mfumo umalizie ulipoishia. Ukibaki gizani kabisa, amri ya journalctl -b itakusomea kila kilichotokea tangu mashine ilipowashwa, na kwa X lipo faili la shajara ambalo mistari yake ya makosa imewekewa alama ya herufi EE mbele. Tafuta EE. Soma huo mstari, na wa juu yake.

Na kwa kuwa ofisi nyingi za kwetu zina Windows, niseme na hili: kioo cheusi chenye kishale kinachotembea mara nyingi kina maana kwamba explorer.exe, programu inayotandika sura ya Windows, haikuamka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua orodha ya kazi, agiza kazi mpya, andika explorer.exe. Mara nyingi picha hurudi hapo hapo. Sababu iliyoifanya isiamke itatafutwa baadaye, baada ya mafaili kunakiliwa.

Hapa nina neno na mafundi wenzangu. Mitaani kwetu dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta imekuwa moja, kupiga window upya. Bei yake inajulikana, muda wake unajulikana, na mteja akiona picha mpya inayong'aa huamini kwamba amehudumiwa. Kusoma shajara hakuna bei iliyozoeleka. Naelewa, maana fundi naye ana watoto. Lakini wateja wengi hawana nakala ya pili ya chochote. Ninayoyaona ndani ya mashine hizi ni mihtasari ya vikao vya kijiji, orodha za kaya, alama za wanafunzi, michoro ya matumizi bora ya ardhi. Kilosa ni wilaya ambayo mgogoro wa wakulima na wafugaji ulimwaga damu Rudewa Mbuyuni Desemba 2000. Muhtasari wa kikao ulioeleza mpaka ulipita wapi si faili la kuchezea. Mwenyekiti akibadilika na faili likiwa limefutwa, kinachobaki ni neno la huyu dhidi ya neno la yule. Kufuta diski ya namna hiyo kwa sababu tu picha haikuja ni kosa la kitaaluma, hata kama mteja mwenyewe ameridhia, kwa kuwa ameridhia asichokijua.

Kuridhia usichokijua ni jambo lenye historia katika ardhi hii hii. Novemba 29, 1884, huko Msovero, Mjerumani Karl Peters alimwekea chifu Mangungo mbele yake karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Kila aliyesoma historia sekondari anaijua. Ilisema kwamba Mangungo ametoa nchi yake na haki zake zote kwa shirika la Wajerumani la kutafuta makoloni. Siku chache baadaye msafara wake ulikuwa juu zaidi bondeni, mahali walipopaandika Muinin Sagara, wakikusanya alama nyingine za kuridhia. Mkalimani alikuwepo, kwa hiyo hatuwezi kusema hakukuwa na mazungumzo. Lakini yaliyozungumzwa yalipita na upepo, na yaliyoandikwa yakapelekwa Berlin, ambako Februari 27, 1885, Kaizari Wilhelm I alitia sahihi hati ya kuzichukua Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami chini ya ulinzi wake.

Jina la Mangungo limefanywa tusi. Hata bungeni limewahi kutajwa mkataba mbovu unapojadiliwa, kana kwamba yeye ndiye aliyedanganya. Naona tunamwonea. Mwenye dhambi ni aliyeleta maandishi akijua hayatasomwa. Kwa hoja hiyo hiyo simcheki karani anayekodolea macho kioo cheusi, wala mwalimu anayebonyeza kitufe cha kukubali masharti kurasa kwa kurasa bila kuyasoma. Lawama kubwa iko kwa wanaotengeneza vitu vinavyozungumza lugha moja, na sehemu ya lawama iko kwetu sisi tunaoielewa lugha hiyo na kuufanya uelewa huo mtaji wa kujitengea.

Hofu yetu mbele ya maandishi ya mashine ina chanzo kingine pia, na hiki hakitajwi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini baada ya mambo kwenda vibaya, na milango ilifunguka polepole tu katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo ule wakati ambao wenzetu kwingineko walikuwa wakizoea kuiandikia mashine amri na kusoma majibu yake, raia wa kawaida wa Tanzania hakuwa na mashine. Macintosh ilitoka Januari 1984, X ikafuata Juni, na sisi tulikuwa nje ya mlango. Wengi wetu tulipoketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, tulikuta Windows 95 imeshatandikwa. Tulifundishwa kubonyeza picha. Hakuna aliyetuambia kuna nini chini yake, na mpaka leo mwanafunzi anaweza kumaliza somo la kompyuta kidato cha nne bila kuwahi kuona mashine yake ikizungumza.

Wapo waliojaribu kurekebisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, ulioshirikiana na wataalamu kutoka Sweden, na Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilifuata na Kiswahili chake kwa Windows na Office. Kazi hizo zilihitaji kutafuta maneno ya maelfu ya vitu ambavyo havikuwa na jina, na waliozifanya wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa. Lakini zote zilitafsiri picha. Zilibadilisha maandishi ya vitufe. Ujumbe wa keneli unabaki Kiingereza duniani kote kwa uamuzi wa wanaoiandika, ili kosa moja lisomeke namna moja popote, na sababu yao nakubaliana nayo. Kwa hiyo siku picha inapoanguka, Kiswahili chote huanguka nayo, na mtu hubaki ana kwa ana na Kiingereza saa ile ile anapohitaji msaada kuliko wakati wowote.

Kinachokosekana hapo ni maelezo. Hatuhitaji kuibadilisha keneli. Tunahitaji ukurasa unaosema kwa Kiswahili: ukiona mstari huu, maana yake ni hii, fanya hivi, usifanye vile. No space left on device ni maneno matano ambayo yule mwalimu angeweza kuyatafutia maana mwenyewe kama angewekewa karatasi ukutani. Read-only file system maana yake diski imejifunga isiandikwe, mara nyingi kwa kujilinda baada ya umeme kukatika, na hatua ya kwanza ni kunakili mafaili, ya pili kuikagua kwa fsck. Jumbe zinazorudi mara kwa mara katika mashine za shule zetu ni chache. Mtu mmoja mwenye uzoefu anaweza kuzieleza zote katika kurasa za daftari moja la shule, na daftari hilo likanakiliwa kutoka Kilosa hadi Mikumi, kutoka Kimamba hadi Kidodi, bila kungoja mradi wala mfadhili.

Ninaanza hapa kwetu. Katika maabara ninazozipitia nimeomba kila mashine iwe na daftari lake. Picha ikigoma, anayekuwepo, hata akiwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, anaandika tarehe, kitu cha mwisho kilichofanyika kabla ya kuzimwa, na ujumbe ulio kwenye kioo, herufi kwa herufi, hata kama hauelewi. Hasa kama hauelewi. Fundi akija anasoma daftari kwanza, na akimaliza anaandika chini yake alichokuta na alichofanya, kwa Kiswahili kinachoeleweka na aliyeandika mwanzo. Wanafunzi wamelipokea jambo hili kuliko nilivyotarajia. Wapo wanaojua sasa kwamba ukirudishwa kwenye ukurasa wa nywila unaangalia kwanza kama diski imejaa, na wanaangalia bila kuniita.

Mwalimu mkuu unayesoma haya, toa daftari moja kwa kila mashine. Ni gharama ndogo kuliko zote utakazoidhinisha mwaka huu. Mtaalamu uliyeko chuoni, andika kurasa hizo za Kiswahili, na uziandike kwa ajili ya mtu aliyeketi peke yake mbele ya kioo cheusi akiwa na kazi ya watu mikononi. Na wewe fundi mwenzangu, kabla hujagusa diski ya mtu, nakili mafaili yake kwenye flashi. Mashine isiyo na picha inaweza kuifanya kazi hiyo kwa amri mbili tu, mount na cp.